Wakulima Arobaini wa Kichuguuni

Castory ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Elieth, na mtu akikwambia kwamba ni mvivu usikubali. Mvivu ni yule anayelala. Castory halali. Tangu anatambaa amehangaika kutafuta mtu wa kumfanyia kazi yake, na mahangaiko hayo angeyaweka kwenye jembe angekuwa amelima mlima huu wote mpaka Burundi.

Alizaliwa hapa hapa kwangu, upande wa Mabamba, wilaya ya Kibondo, mwaka ule maharage yalipoozea shambani kwa mvua. Baba yake, Longinus, ni seremala wa Kasulu, mtu mpole sana, na safari yake ndefu kuliko zote ni ile aliyokuja kuoa. Nasema hivyo kwa sababu Castory alipofika darasa la nne alimtembeza baba yake huyo mbali kuliko alivyowahi kufika.

Ilikuwa hivi. Mwalimu, kijana wa Singida aliyeletwa na serikali, aliwaambia watoto waandike maisha ya familia zao. Castory alikaa dawati moja na Divine, binti wa jirani yangu Niyongabo. Hao walitoka Burundi zamani, sasa ni raia na vyeti wanavyo. Divine akaandika ya kwao, Castory akaandika ya kwao Divine. Akaandika kwamba baba yake alivuka mto na mkeka kichwani na kuku mmoja kwapani, na kwamba bibi yake mzaa mama alifia njiani, akazikwa kando ya barabara bila sanda.

Mwalimu yule alikuwa na moyo. Jumamosi akaja na kilo ya sukari kutoa pole. Akamkuta Longinus anapiga randa uwanjani kwangu, maana miaka hiyo walikuwa bado hawajahamia Kasulu.

"Pole sana kwa mama mkwe," mwalimu akasema.

"Amefanya nini?" Longinus akauliza.

"Si alifariki? Njiani?"

"Njia ipi, mwalimu? Asubuhi alinitukana hapa."

Nikatokea na beseni la mihogo. Mwalimu akaniangalia, akaangalia sukari yake. Nilipoelezwa mimi ndiye marehemu, nilipokea ile sukari, maana ilikuja kwa jina langu, kisha nikamchapa Castory. Sikumchapa kwa kunakili. Nilimchapa kwa kuniua. Nikamwambia, "Mwanangu, kama ni lazima uibe, iba maisha ya mtu anayefanana na wewe!"

Nilikosea. Katika yote niliyomfundisha, hilo ndilo alilolishika.

Basi akapita. Akapita shule ya msingi, akapita sekondari, na kila alipopita kulikuwa na mtoto wa mtu nyuma yake ambaye daftari lake limechakaa kwa kushikwa na mikono miwili. Alipochaguliwa chuo kikuu kusomea kilimo, mlima mzima ulichanga. Hatungimana, mzee wetu wa kanisa, alitoa beberu. Odilia, mke wa shemeji yangu, aliimba. Chuo chenyewe sikitaji, hakina kosa, na kiko mbali.

Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, akarudi na barua yenye mhuri. Imeandikwa kwamba Castory Longinus anafanya utafiti, na wananchi wampe ushirikiano. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa wakulima arobaini na kuwauliza jinsi wanavyohifadhi mbegu ya maharage.

Niseme kweli, nilifurahi. Miaka yote ninayoikumbuka, watu wa kilimo wanakuja hapa kutuambia. Huyu ametumwa kuja kutuuliza. Na mbegu ndiyo kazi yangu. Mbegu yangu ya njano niliipokea kwa mama yangu, naye kwa mama yake, na kibuyu chake hakijawahi kulala kitupu. Ninajua majivu ya mti upi yanafukuza wadudu na yapi yanawanenepesha. Ninajua kibuyu kinakaa wapi juu ya moto na lini kishushwe. Nikafagia uwanja, nikavaa kitenge cha kanisani, nikakaa nikisubiri kuulizwa.

Jambo moja tu nisingemwambia, na hilo hakuna mwanamke wa mlima huu anayelisema. Mbegu tunamwonyesha mgeni. Akitaka, ashike. Lakini ni kiasi gani, hapana. Mbegu haihesabiwi kwa mdomo wala haitajwi kilo mbele ya mtu. Mama yangu alisema mbegu iliyotajwa kiasi husikia, na ikisikia haioti. Wewe cheka. Mimi maharage yangu yanaota.

Siku ya kwanza Castory hakuja kuniuliza. Alizunguka nyumba na simu mkononi, ameinyoosha juu kama mtu anayechuma kitu hewani. Mwisho akapanda kichuguu kile kilicho nyuma ya choo, akatulia. Kwangu intaneti inashika pale tu.

"Bibi, njoo uone," akaniita. "Hii inaitwa akili mnemba. Inajua kila kitu. Uliza chochote."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Bibi."

"Muulize mbuzi wangu mweupe yuko wapi. Tangu asubuhi simwoni."

Akabonyezabonyeza, akanisomea: "Pole kwa kupotelewa na mbuzi wako. Kwanza, jaribu kutulia..."

"Mwambie nimetulia. Mbuzi je?"

"Inasema utembelee maeneo anayopenda, uwaulize majirani, ubandike tangazo lenye picha yake..."

"Picha ya mbuzi!"

Mbuzi tulimkuta kwa Hatungimana akila majani ya viazi. Aliyemwona ni Divine, kwa macho yake mwenyewe. Yuko chuo cha ualimu Kasulu siku hizi na alikuwa amekuja likizo.

Divine naye ana kitu hicho hicho kwenye simu. Sikukijua mpaka nilipomkuta kibarazani kwao anabishana nacho. Nikamuuliza kama na yeye anafanyiwa kazi.

"Oya, Bibi," akasema, ndiyo hapana yetu huku. "Naandika mwenyewe kwanza. Kisha naiambia iniulize maswali kama mkaguzi mwenye roho mbaya. Ikinishinda, narudi kwenye kitabu. Halafu mwisho wa kazi naandika niliitumia wapi, mkufunzi wetu anataka hivyo."

Nikamgeukia Castory. "Umesikia?"

"Divine yuko ualimu, Bibi. Sisi chuo kikuu tuna presha."

Presha hiyo aliibeba siku nane juu ya kichuguu. Alipanda akishakunywa chai, akashuka kula ugali, akapanda tena. Watu wakienda mashambani wanamsalimia, "Mwakeye!" naye anajibu bila kuinua shingo. Hatungimana akapita siku moja na jembe begani.

"Castory, umefikia mkulima wa ngapi?"

"Wa ishirini na tatu, Babu."

"Na mimi zamu yangu lini?"

"Wewe umeshajibu."

"Nimejibu?"

"Jana. Umejibu vizuri sana."

Mzee wa watu akaenda zake taratibu, akijaribu kukumbuka alisema nini.

Siku ya tisa mjukuu wangu akateremka na wakulima arobaini tumboni mwa simu. Hakuchafua kiatu. Akaenda Kasulu, kwa baba yake, akachapisha kazi yake katika duka la steshenari, ikafungwa kwa jalada la bluu lenye maandishi ya dhahabu. Akanipigia kuniambia ni kurasa sabini na mbili. Nikamuuliza mimi niko ukurasa wa ngapi. Akasema mtandao unakatika.

Nilikaa na kitenge changu. Sikuulizwa. Nilikivua, nikakikunja, nikakirudisha sandukuni, na sikumwambia mtu.

Mwezi wa tisa, mvua bado, vumbi limejaa, nasikia pikipiki inalia uwanjani. Castory huyo, ametoka Kasulu moja kwa moja, uso mwekundu kama tofali. Mama yake, Elieth, alikuwa kwangu anapepeta mtama. Mume wangu Nestori alikuwa pembeni anakunywa uji. Castory alikuwa na mfuko begani, na ndani ya mfuko kulikuwa na nazi sita.

"Bibi," akasema, akapiga magoti, "nisaidie. Nisipopata msaada wako nafukuzwa chuo."

Msimamizi wake, Daktari Nurudini, alikuwa ameisoma kazi yake na kuisifu. Amefundisha miaka kumi na tisa, hajaona wakulima arobaini waliojibu kila swali bila hata mmoja kusema sijui. Anakuja Kibondo Alhamisi. Anataka kuwaona kwa macho, na zaidi ya wote anataka kumwona mkulima namba kumi na saba, ambaye hifadhi yake ya mbegu ni ya ajabu.

"Namba kumi na saba ni nani?" nikamuuliza.

Akafungua jalada la bluu. "Bi. Mwanaisha Shomari. Miaka sitini na nne. Mjane."

"Anakaa wapi?"

"Hapa."

"Hapa kwa nani?"

"Hapa kwako, Bibi. Ni... wewe. Nimekuwekea wewe."

Nestori akashusha kikombe. "Mjane? Mimi nimekufa lini?"

"Ni kwenye karatasi tu, Babu."

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Haikuandikwa."

"Basi andika njaa. Uji huu hauna sukari."

Elieth alikuwa halii wala hacheki, ungo umemsimama mkononi. Mimi nikauliza habari ya nazi. Castory akasoma, sauti inapungua kadiri anavyosoma: Bi. Mwanaisha huhifadhi mbegu yake ndani ya vifuu vya nazi vilivyokaushwa, mbinu aliyorithi kwa mababu zake. Nikamuuliza mababu zangu hao walikuwa wanatoa wapi nazi, na huku nazi ikionekana mtu anauliza kama ni yai la mnyama gani. Akasema ndiyo maana amekuja nazo.

Castory hakupanda kichuguu na kuzoa uongo wote huo kwa ubaya. Hilo namtetea. Yeye aliiambia mashine imtengenezee wakulima arobaini wa Tanzania, na mashine ikamtengenezea wa Tanzania. Yenyewe haijafika Mabamba. Yeye amezaliwa Mabamba, na hakufika.

"Usimame tu, Bibi, useme ndiyo mimi Mwanaisha," akanibembeleza.

"Jina langu nimelivaa miaka sabini na moja halina kiraka. La huyo mwanamke wako sivai."

Elieth akapata sauti hapo. "Mama! Ukisema ukweli utakuwa umemuua mwanangu!"

"Mimi aliniua darasa la nne, sikulalamika."

"Ulimchapa fimbo kumi na mbili!"

"Baada ya hapo sikulalamika."

Akalia sasa, binti yangu, kilio kile cha kweli, kwa sababu huyu ndiye mtoto wake pekee aliyevuka sekondari, na beberu wa Hatungimana na michango ya mlima mzima ilikuwa imekaa juu ya kichwa cha huyu aliyepiga magoti. Nami nina moyo, ingawa watu wa Kasulu wanasema ni jiwe la kusagia. Nikamwambia Castory: nitakaa. Nitakaa kwenye kiti changu, kwa jina langu, nami nitanyamaza. Asinitake zaidi.

"Kunyamaza kunatosha, Bibi!" akaruka juu, magoti yakiwa na vumbi. Mtoto yule alifurahi kama tayari amevaa joho.

Jumatano akakusanya watu. Arobaini hakuwapata. Alipata saba, wengine alisema watakuwa wamesafiri kwenda msibani. Akawakalisha uwanjani kwangu akawagawia maisha kama mtu anayegawa sare. Odilia alipewa Bi. Rukia, mama wa watoto tisa. Alikubali upesi, maana kwenye maigizo ya Krismasi kanisani kila mwaka yeye ndiye Elizabeti na anajua kukariri. Pelagia, ambaye ni mrefu na hajawahi kuugua, alipewa mkulima mwenye ulemavu wa mguu. Hatungimana alipewa Bwana Athumani.

"Mimi nimebatizwa mara moja," Hatungimana akasema. "Hiyo ya pili sikuiomba."

"Ni dakika tano tu, Babu."

"Huyo Athumani ana ng'ombe?"

"Wanne."

"Haya. Kwa dakika tano nitakuwa na ng'ombe wanne."

Wakacheka, wakafanya mazoezi. Pelagia akachechemea mara mguu huu, mara ule. Kisha Castory akafika kwenye jedwali. Akasema kila mmoja ashike kilo zake, Daktari atauliza. Akasoma: Bi. Rukia, mbegu kilo thelathini na nane. Namba tisa, kilo arobaini na moja na robo. Bi. Mwanaisha, kilo arobaini na tatu na nusu.

Odilia akaniangalia, mimi nikamwangalia Pelagia, Pelagia akaangalia miguu yake yote miwili mizima. Hakuna aliyesema neno. Castory akaona watu wanakariri.

Ningeweza kumwambia pale pale. Siku zote nitajua kwamba ningeweza. Lakini mtu amekaa siku nane kichuguuni, hatua thelathini kutoka kwenye kiti changu, hakuniuliza. Nimkimbilie na jibu la swali asilouliza? Nikanyamaza. Si ndivyo tulivyokubaliana?

Alhamisi Daktari Nurudini akafika kwa gari la kukodi. Nilitegemea mtu mnene. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mtu wa Tanga, kofia ya kiua kichwani. Akatoa shikamoo kwangu na kwa Nestori, tukaitikia marahaba. Akanywa maji yetu. Hapo hapo nikajua si mtu wa kudanganyika kwa urahisi, maana mtu wa kudanganyika huwa anaanza kuongea.

Castory akampeleka kwenye vifuu. Alikuwa amevipanga jikoni juu ya kichanja, amevitia maharage. Daktari akakichukua kimoja, akakinusa, akakipitisha kidole ndani.

"Hiki kimekaa muda gani?" akauliza.

"Ni cha ukoo, Daktari," Castory akasema.

"Kinanukia tui."

Akakirudisha taratibu, kama anarudisha yai kwenye kiota. Hakusema kingine. Tukatoka uwanjani, saba wamekaa kwenye benchi, mimi kwenye kiti changu.

Odilia akaanza. Alisema maisha ya Bi. Rukia kwa mikono miwili na machozi kidogo, watoto tisa akawataja majina yote, mpaka Daktari mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Pelagia akachechemea vizuri. Hatungimana alipoulizwa jina alivuta pumzi, akasema, "Kwa dakika tano, Athumani." Castory akakohoa. Daktari akaandika.

"Sasa," akasema, "kuna kitu kimoja kilinipendeza kuliko vyote. Watafiti wengi wanarudi bila vipimo. Ninyi mmetoa kilo, kila mtu. Bi. Rukia, mbegu yako mwaka huu ni kilo ngapi?"

Odilia akafungua mdomo. Mwanamke huyu alikuwa ameshabadili jina, dini na idadi ya watoto tangu chai ya asubuhi. Mdomo ukabaki wazi. Akaufunga. Akatazama upande wa jikoni kwake, ng'ambo ya bonde, mahali kibuyu chake kilipo.

"Bi. Rukia?"

"Sikumbuki."

"Kadiria."

"Daktari, naomba maji."

Akamgeukia Pelagia. Pelagia akasema mguu unamuuma, akasimama akaondoka, na kwa haraka aliyokuwa nayo alisahau kuchechemea. Wa nne akainamisha kichwa. Wa tano akasema yeye anamngoja Pelagia arudi, wa sita na wa saba nao hivyo hivyo. Hatungimana, ambaye mbegu ni ya mkewe, akasema, "Mimi nina ng'ombe wanne, hayo mengine muulize mke wangu, na mke wangu hatakwambia." Castory alikuwa nyuma ya Daktari anawaonyesha vidole: vitatu, kisha vinane. Hakuelewa. Naapa mtoto yule hakuelewa kinachotokea, amezaliwa humu, amekula maharage haya mpaka meno yakaota.

Uongo mwingine wote walimpa bure. Huo walishindwa, kwa sababu mvua ilikuwa wiki mbili tu mbele yetu.

Daktari akaufunga mkebe wa miwani yake. Akanigeukia mimi. "Mama, nawe ndiye Bi. Mwanaisha?"

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nikanyamaza. Elieth alikuwa mlangoni, kitambaa mdomoni. Na hapo nikaona kwamba kunyamaza kwangu kumeshakuwa jina la yule mwanamke. Nimeketi kwenye kiti changu na ninavikwa.

"Oya," nikasema. "Mimi ni Kezia, mke wa Nestori. Nestori ndiye huyo anayekohoa, hajafa. Na hapa kwetu, Daktari, mtu akikutajia kilo za mbegu yake ujue hatoki hapa, au hajazaliwa."

"Hamtaji?"

"Hatutaji. Tunaonyesha."

"Na huyu hajui?"

"Angeuliza, angejua."

Castory akaniangalia kwa macho ya yule mtoto wa darasa la nne. "Bibi, ungeniambia!"

"Ungeniuliza!"

Daktari hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema alijua tangu kwenye vifuu, maana Tanga wanavyo vingi na hakuna mjinga anayetia mbegu humo, lakini alitaka sana awe amekosea. Akasema mashine yenyewe haina neno, hata yeye anaitumia, inamsaidia kupanga mawazo na kusahihisha barua zake. "Lakini nilikutuma kwa watu, Castory. Umeniletea kurasa sabini na mbili na hakuna mtu hata mmoja ndani." Akasema lazima apeleke taarifa kwenye kamati ya chuo, na kamati ndiyo itakayosema kama atafukuzwa.

Waliobaki kwenye benchi wakarudia majina yao wakaenda nyumbani. Elieth hakuongea nami. Alirudi Kasulu na alikaa wiki tatu bila salamu, na mimi sikumtafuta. Simu ninaijua, siipendi. Lakini usidhani nililala. Nguo ya kuazima haisitiri matako, ndiyo, sote tunajua. Ila wa kuvuliwa akiwa mjukuu wako, mbele ya mgeni, na mkono uliovuta ni wako, hiyo methali haikupi usingizi.

Kamati ikasema. Hakufukuzwa. Utafiti ulifutwa wote, mwaka ukarudiwa, na wenzake wakavaa majoho mwezi wa kumi na moja yeye akiwa Mabamba anafua suruali ya shambani. Alipewa sharti: arobaini, wa kweli, kila mmoja na sahihi yake.

Kichuguu hakukipanda. Alikipita kila asubuhi ameinamisha kichwa, na mlima huu hauna huruma na mtu aliyeinamisha kichwa.

"Hodi," anasema mlangoni.

"Nani?"

"Castory. Nimekuja kuuliza habari za mbegu."

"Si nilishajibu? Nilijibu vizuri sana!"

Nyumba ya pili: "Mimi niko msibani." Nyumba ya tatu: "Kamuulize Mwanaisha." Pelagia akimwona anaanza kuchechemea. Hatungimana alimwambia atamjibu baada ya kurudishiwa ng'ombe wake wanne. Mvua zikawa zimeanza, watu wanapanda, na mtu anayepanda haulizwi maswali akiwa amesimama, kwa hiyo ilibidi alime nao. Nusu siku kwa nyumba, ndipo jibu moja. Jibu lenyewe wakati mwingine lilikuwa "sijui", naye akaliandika. Jioni anapita kwa Divine kama yuko nyumbani, anamsomea aliyoyaandika, na Divine anamfundisha kuiambia ile simu imkague wala isimwandikie. Mikono yake ilitoka malengelenge, kisha ikawa mikono.

Mimi nilimwambia nitakuwa wa mwisho. Alikuja mara tatu kabla ya zamu yangu, nikamrudisha mara tatu. Simu yake haikumsubirisha hata dakika; mimi nilimsubirisha wiki saba.

Siku ya mkulima wa arobaini akaja na daftari lililolowa pembeni. Nikatoka nimevaa kitenge cha kanisani. Akakiona, akakijua, akakaa chini.

"Jina lako?" akauliza.

"Unalijua."

"Useme mwenyewe, Bibi, ndivyo inavyotakiwa."

"Kezia."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa. Mwandike kwa herufi kubwa kwamba yuko hai."

"Na uji andika!" Nestori akapiga kelele kutoka ndani.

Akaniuliza yote, na nikamjibu yote, majivu, kibuyu, moshi, mama yangu. Alipofika sehemu moja akapitisha kalamu haraka.

"Hapo umeruka nini?"

"Ni kiasi, Bibi. Swali liko kwenye fomu, ila naliruka. Wote thelathini na tisa nimeacha wazi."

"Usiruke. Niulize."

"Una kilo ngapi za mbegu?"

"Sikwambii. Toka hapa! Haya, andika."

Akaandika. Nikalichukua daftari nikalisoma kwa kidole, herufi moja moja, kama nilivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, na sikuharakishwa na mtu. Ilikuwa imeandikwa "amekataa". Nikaweka jina langu chini yake kwa mkono wangu.

Kisha nikamwingiza jikoni, nikashusha kibuyu juu ya moto, nikakifungua. Nikamwambia atie mkono. Akautia, majivu yakampanda mpaka kwenye kiwiko, akapiga chafya, akachota ngumi moja ya maharage ya njano akayageuza kwenye mwanga wa mlango.

"Bibi," akasema, "sasa humu ndani kuna kama..."

Nikamkata jicho.

Akayarudisha, punje moja moja, akafuta mkono kwenye suruali, akachukua kalamu, akaongeza: "ameonyesha".